Diski Mbili na Pengo la Watu 516: Historia ya Kuhifadhi Kumbukumbu Kisangani, kutoka Daftari hadi Kompyuta ya Mezani

1.0 Utangulizi

Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga ndani ya Kisangani, mji ambao haukuwa wa nchi yoyote kati ya hizo mbili. Vita hivyo vinajulikana kwa jina la Vita vya Siku Sita. Ripoti ya Umoja wa Mataifa juu ya maovu yaliyotendwa Kongo kati ya 1993 na 2003, ambayo ilitolewa mwaka 2010, inaeleza kwamba raia waliouawa katika siku hizo walikuwa kati ya 244 na 760, kwamba zaidi ya watu 1,000 walijeruhiwa, na kwamba nyumba za watu zaidi ya 400 ziliharibiwa. Msomaji wa historia hana budi kusimama kwenye tarakimu mbili za mwanzo. Tofauti baina yake ni watu 516. Hao ni watu ambao historia iliyoandikwa haiwezi kusema kwa yakini kama walikufa siku hizo au la.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini Hague iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola za Marekani milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama ilikiri kwamba vita huharibu ushahidi, lakini ilieleza pia kuwa fomu za wahanga zilizowasilishwa kwa kawaida hazikuwa na hati za kuzithibitisha. Kwa hiyo ilikadiria fidia kwa jumla, badala ya kuhesabu dhara moja moja.

Pengo hilo halikutokana na diski ya kompyuta iliyoharibika. Lilitokana na vita, na uhaba wa rejista, na hati zilizokuwa mahali pamoja tu na kupotea pamoja na mahali hapo. Hata hivyo, orodha za majina, matamko ya mashahidi, picha za nyumba zilizobomoka na tasnifu za wanafunzi wa historia sasa huwekwa katika kompyuta. Nyingi kati ya kompyuta za aina hiyo huundwa au kukarabatiwa na fundi kwa vipuri vilivyonunuliwa kimoja kimoja. Anayechagua diski na kupanga nyaya katika kasha la kompyuta hiyo anaamua, pengine bila kujua, ni nini kitakachosomwa baada ya miaka 20.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba upangaji wa diski na nyaya katika kompyuta ya kuundwa nyumbani ni sehemu ya historia ndefu ya kuhifadhi kumbukumbu Kisangani, na kwamba historia hiyo ina funzo moja lililo wazi: kilichosalia ni kile kilichokuwa na nakala mahali pengine.

2.0 Kumbukumbu kabla ya kompyuta

Mfano wa kwanza unahusu Kiswahili chenyewe. Mwaka 1887, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alikubali kuwa wali wa Maporomoko ya Stanley, mahali palipo leo mji wa Kisangani. Baada ya kurudi Unguja aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyanakili maandishi hayo kwa hati za Kirumi, akayatafsiri kwa Kijerumani, na yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905. Katika miaka ya 1958 na 1959, W. H. Whiteley alitoa matini hiyo pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Habari za kituo cha kando ya mto Kongo, katikati ya bara, zinasomwa leo kwa sababu zilinakiliwa Unguja, zikachapishwa Ulaya, na kurudi Afrika Mashariki katika umbo la kitabu. Yaliyotendwa na mwandishi huyo, na hasa biashara ya pembe na watumwa, yanahukumiwa vikali, na kwa haki. Lakini yanaweza kuhukumiwa kwa kuwa yapo.

Mfano wa pili uko Yangambi, kiasi cha kilomita 100 magharibi ya Kisangani, ukingoni mwa mto. Hapo ndipo palipokuwa na makao ya INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoundwa na serikali ya Ubelgiji mwaka 1933. Wafanyakazi wake walipima mvua, joto na unyevu katika vituo vingi vya koloni. Kuanzia mwaka 1937 hadi miaka ya 1950 waliikagua pia miti ya msituni kwa zamu za kudumu, mti mmoja mmoja, wakiandika ni lini umetoa maua, umezaa, au umepukutisha majani. INEAC ilifungwa mwaka 1962, na baadaye kazi yake ikarithiwa na taasisi ya Kongo, INERA.

Kumbukumbu hizo hazikusalia kwa njia moja. Hifadhi ya mimea mikavu ya Yangambi, yenye vielelezo vipatavyo 150,000, ilifuata desturi ya kale ya wataalamu wa mimea: anayechuma tawi huchuma matawi kadhaa ya mti uleule, huyapa nambari moja, kisha huyagawa kwa hifadhi tofauti. Kwa sababu hiyo, mimea mingi ya Yangambi ina pacha wake katika bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji. Karatasi za hali ya hewa zilizokusanywa na vituo vya INEAC zilipatikana katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ubelgiji, na baada ya mwaka 2015 zilipigwa picha na kuingizwa katika kompyuta chini ya mradi uitwao COBECORE. Majedwali ya miti, kwa upande wake, yalinakiliwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, waliosoma picha za kurasa hizo kwa njia ya intaneti. Hivyo kazi ya mkono ya makarani na wakaguzi wa msituni imepata kutumika katika utafiti wa mabadiliko ya tabianchi, zaidi ya nusu karne baada ya wino kukauka.

Ni kweli kwamba nakala hizo zilikwenda Ulaya kwa sababu Kongo ilikuwa koloni, na kwamba mtafiti wa Kisangani alilazimika kwa miaka mingi kuomba ruhusa na nauli ili asome habari za msitu wake mwenyewe. Hilo ni dhuluma ya aina yake. Swali kwa kizazi cha sasa ni namna ya kupata usalama wa nakala iliyo mbali pasipo kumpoteza mwenye mali.

3.0 Diski na waya: kutoka 1956 hadi sasa

Mwaka 1956, wakati Yangambi ikiandika kwa kalamu, kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa. Ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha sentimita 61 kila moja, ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya megabaiti 5 iliyoweza kuingia katika kompyuta ya mezani. Tangu hapo ukubwa wa kifaa haukuwa tena kizuizi, na suala likawa ni namna ya kukiunganisha.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 ulizuka mtindo wa IDE, ambao baadaye ulisanifishwa kwa jina la ATA. Diski iliunganishwa na ubao mama kwa mkanda mpana wa nyaya 40, usiotakiwa kuzidi sentimita 46. Mkanda mmoja ulibeba diski mbili, na fundi alipaswa kuhamisha kidude kidogo juu ya pini ili kuonyesha ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kasi ilipoongezeka, nyaya zilianza kuingiliana mawimbi, na mkanda ukafanywa wa nyaya 80. Nyaya 40 za nyongeza hazikubeba habari yoyote. Ziliwekwa katikati ya zile za zamani ili kuzitenga.

Mwaka 2003 ulianza mtindo wa SATA. Waya mwembamba wenye njia 7 ulichukua nafasi ya mkanda, kila diski ikapata waya wake, na urefu ukaruhusiwa kufika mita 1. Kasi yake, iliyoanza na megabaiti 150 kwa sekunde, ilifika 600 katika toleo la tatu la mwaka 2009. Kuanzia mwaka 2011 kulikuwa na kanuni ya NVMe kwa ajili ya diski zisizozunguka, na diski za namna hiyo zenye umbo la kijiti huchomekwa juu ya ubao mama bila waya wowote.

Kwa hiyo, historia ya miaka 40 ya diski ya kompyuta ya mezani ni historia ya waya unaopungua hadi kutoweka. Pale ambapo vipuri hununuliwa vipya kwa pamoja, hatua hizo zilifuatana moja baada ya nyingine. Pale ambapo vipuri vilivyotumika na vipya huuzwa pamoja, hatua zote huweza kukutana ndani ya kasha moja, na fundi analazimika kuzijua zote.

4.0 Kupanga kompyuta Kisangani

Vipuri hufika Kisangani kwa safari ndefu. Vinaweza kutoka Kinshasa kwa ndege, au kwa matishari na mashua za mbao zinazopanda mto kwa zaidi ya kilomita 1,700. Vinaweza pia kutoka bandari ya Mombasa kupitia Uganda na miji ya mashariki kama Butembo, ambayo wafanyabiashara wake wamejulikana kwa miongo kadhaa kwa kuleta bidhaa za Dubai na China. Waya wa bei ndogo uliosahauliwa unaweza kuchelewesha kazi kwa majuma. Ndiyo maana upangaji huanzia kwenye karatasi, kabla ya kununua chochote.

4.1 Umeme

Jambo la kwanza kupangwa si diski bali umeme. Mji hupata umeme kutoka bwawa la mto Tshopo, lililojengwa katika miaka ya 1950, na kukatika kwake ni jambo la kawaida. Diski inayozunguka hupokea data kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huiandika kwenye sahani. Umeme ukikatika kati ya hatua hizo mbili, kilichokuwa njiani hupotea, na faili lililokuwa likiandikwa huweza kubaki nusu. Kifaa cha betri ambacho Wakongo hukiita ondulea hutoa dakika chache za kufunga kazi kwa utaratibu. Pasipo kifaa hicho, kuongeza idadi ya diski ni kuongeza idadi ya vitu vinavyoweza kuharibika kwa pigo moja.

Hesabu yake ni nyepesi. Diski ya kawaida ya mezani huhitaji takriban ampea 2 za volti 12 inapoanza kuzunguka, yaani wati 24, kisha hutulia kwenye wati 5 hadi 8. Diski nne zikiwashwa pamoja huhitaji karibu wati 100 kwa sekunde chache za mwanzo. Kisanduku cha umeme cha kompyuta na ondulea yake lazima vihimili sekunde hizo. Diski isiyozunguka hutumia wati chache tu, na hiyo ni sababu nzuri ya kuiteua kwa programu na kazi za kila siku.

4.2 Diski

Jambo la pili ni kugawa kazi. Diski isiyozunguka, ndogo na ya haraka, hubeba programu. Diski kubwa inayozunguka hubeba hati na picha. Diski ya tatu, iliyo sawa na ya pili kwa ukubwa au kuizidi, hubeba nakala. Anayeunda kompyuta kwa ubao mama wa zamani hana budi kukumbuka mipaka miwili. Mbao za kabla ya mwaka 2002 au zilizofuata kanuni za wakati huo haziwezi kusoma zaidi ya gigabaiti 137 za diski moja. Na jedwali la mgawanyo la mtindo wa kale, ambalo bado hukutwa katika kompyuta nyingi zilizotumika, haliwezi kupita takriban terabaiti 2.2. Diski ya terabaiti 4 iliyonunuliwa kwa fedha nyingi na kuwekwa katika kompyuta ya namna hiyo huonekana nusu tu.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Kisangani iko karibu na mstari wa Ikweta. Wastani wa joto ni kama nyuzi 25 mwaka mzima, na unyevu ni mwingi. Diski isiyozunguka huhifadhi data kwa chaji ndogo za umeme, na chaji hizo huvuja taratibu inapokaa bila kuunganishwa. Kanuni ya viwanda kwa diski za kawaida hudai data idumu mwaka 1 kwa nyuzi 30 baada ya diski kuchakaa kwa matumizi. Kwa hiyo kuiweka kabatini diski kuukuu ya aina hii, kwa matumaini kwamba wajukuu wataisoma, ni kosa. Nakala ya kukaa kabatini iwekwe katika diski inayozunguka, ifungwe isipate unyevu, na iwashwe na kukaguliwa walau mara moja au mbili kila mwaka.

4.3 Nyaya

Jambo la tatu ni nyaya zenyewe. Matundu ya SATA ya ubao mama yahesabiwe kabla ya kununua diski. Izingatiwe pia kwamba katika mbao nyingi, diski ya kijiti ikichomekwa katika nafasi yake, tundu moja au mawili ya SATA hufa, kwa kuwa hutumia njia moja. Fundi asiyejua hilo hubadilisha waya, kisha hubadilisha diski, na hatimaye huilaumu diski nzima isiyo na kosa.

Waya wa umeme unahitaji tahadhari zaidi ya waya wa data. Kila plagi ya umeme ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila pini huruhusiwa ampea 1.5, jumla ampea 4.5. Diski nne zilizogawanywa kutoka plagi moja zitavuta hadi ampea 8 zinapoanza. Plagi hupata moto, plastiki huyeyuka, na moto huweza kuwaka ndani ya kasha. Hatari hiyo huzidi kwa vigeuzi vya bei nafuu, vinavyotoa umeme kwenye plagi ya zamani ya pini nne na kuupeleka kwenye plagi ya SATA, hasa vile ambavyo nyaya zake zimezamishwa ndani ya plastiki iliyomiminwa. Heri kutumia mistari miwili tofauti inayotoka katika kisanduku cha umeme, diski mbili kwa kila mstari.

Mwisho, nyaya zisikunjwe kwa pembe kali, zisipite mbele ya feni, na kila moja iandikwe nambari ya diski yake kwa karatasi ya gundi. Siku diski moja itakapokufa, na kila diski hufa, fundi mwingine ambaye hakuiunda kompyuta hiyo ataweza kujua ni ipi ya kutolewa. Diski nzima kutolewa kwa makosa badala ya iliyokufa ni chanzo cha kawaida cha kupoteza vyote.

5.0 Nakala iliyo mbali

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa makala iliyopendekeza diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa nyingine ziendelee. Mpango huo unaitwa RAID. Katika umbo lake lililo rahisi, kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili.

Mpango huo ni mzuri, lakini mara nyingi hueleweka visivyo. Unalinda dhidi ya kifo cha diski moja. Haulindi dhidi ya faili lililofutwa kwa bahati mbaya, kwa maana litafutwa kote kuwili kwa wakati mmoja. Haulindi dhidi ya kirusi cha kompyuta, radi, mwizi anayebeba kasha zima, wala kombora linalopiga nyumba. Miongoni mwa majengo yaliyoharibiwa mwezi Juni 2000, ripoti ya Umoja wa Mataifa inataja kanisa kuu la Katoliki la Notre-Dame, shule na vituo vya afya. Hizo ni aina za taasisi ambazo huweka vitabu vya ubatizo, rejista za wanafunzi na kadi za wagonjwa, yaani karatasi ambazo kwazo mtu huthibitisha kwamba aliishi. Diski mbili ndani ya kasha moja katika jengo la namna hiyo zingekuwa na ajali moja.

Kanuni inayofaa zaidi hunasibishwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Mtaalamu wa mimea wa Yangambi asingeshangaa kuisikia, maana ndivyo alivyofanya kwa matawi yake.

Ugumu wa Kisangani uko katika sehemu ya tatu ya kanuni hiyo. Mwaka 2013 Kongo ilianza kutumia waya wa baharini wa WACS unaofika Muanda, pwani ya Atlantiki, lakini Kisangani iko mbali sana na pwani hiyo. Uchukuliwe mfano wa ofisi yenye terabaiti 1 ya picha na hati, na mtandao unaopeleka megabiti 2 kwa sekunde bila kukatika hata mara moja. Kazi ya kuituma ingechukua siku 46. Mashua ya mtoni huweza kufika Kinshasa kabla ya hapo ikiwa na diski hiyo ndani ya mfuko wa abiria. Kwa hiyo kupeleka diski kwa mkono si njia ya kizamani. Kwa mzigo mkubwa wa mwanzo ndiyo njia ya haraka, na mtandao ubakie kwa nyongeza ndogo za kila juma.

Mahali pengine si lazima pawe Ulaya, wala si lazima pawe Kinshasa. Panaweza kuwa nyumba ya mwalimu mwenzake ng'ambo ya pili ya mto, au maktaba ya taasisi dada mjini Bunia au Goma. Sharti ni kwamba ajali ya upande mmoja isifike upande wa pili, na kwamba mwenye hati aweze kuirudisha bila kuomba ruhusa ya mgeni. Hati zenye majina ya wahanga zifungwe kwanza kwa neno la siri, kwa sababu orodha hiyohiyo iletayo fidia huweza, ikiangukia mikono mibaya, kuleta kisasi.

Mahitaji hayo yanazidi. Tangu mwaka 2020 kuna mnara wa mita 55 katika msitu wa Yangambi, unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni mara kadhaa kwa kila sekunde. Mjini Kisangani kwenyewe, serikali ya Kongo imeweka makao ya FRIVAO, mfuko wa kugawa fidia kwa wahanga wa vitendo vya Uganda. Mnara na mfuko ni vitu viwili tofauti kabisa, lakini vyote viwili hutegemea orodha ndefu ambazo haziwezi kuandikwa upya zikipotea. Upepo wa jana haupimwi leo, na shahidi aliyefariki hatoi tamko mara ya pili.

6.0 Suala la istilahi

Suala hili lina upande wa lugha usiofaa kupuuzwa. Katika Kiswahili, neno kumbukumbu hubeba maana ya kile kinachokaa akilini, cha kile kilichoandikwa katika mkutano, na cha kile kinachofanywa ili marehemu asisahauliwe. Wataalamu wa istilahi walilitumia pia kwa sehemu ya kompyuta inayoshika data wakati umeme umewashwa tu, na ambayo husahau yote ukizimwa. Matokeo yake, mteja asemaye kwamba kumbukumbu imejaa, akimaanisha diski, huweza kuuziwa kipuri kisichomfaa. Ingefaa neno hifadhi litumike kwa diski daima, na kumbukumbu ya muda kwa ile isahauyo.

Mfano mwingine ni mkanda wa IDE. Kwa Kiingereza diski zake mbili ziliitwa kwa majina ya bwana na mtumwa, ingawa maandishi rasmi ya kanuni yenyewe yalizitaja kama kifaa 0 na kifaa 1. Katika mji ambao Kiswahili kiliingia pamoja na misafara ya pembe na watumwa, hakuna sababu ya kuyatafsiri majina hayo. Diski ya kwanza na diski ya pili yanatosha, na yanaeleweka upesi zaidi. Mafundi wa Kisangani, ambao husoma kwa Kifaransa na kuzungumza na wateja kwa Kiswahili na Kilingala, wanastahili kupata istilahi zinazowasaidia kufanya kazi.

Neno nakala lenyewe linatokana na asili ya Kiarabu yenye maana ya kuhamisha. Maana hiyo ya kale inafaa kukumbukwa: nakala ambayo haijahamishwa kutoka chumba kilekile haijakamilika kuwa nakala.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa katika makala hii kwamba kuchagua diski na kupanga nyaya Kisangani ni jambo lenye mizizi katika historia ya mji. Maandishi ya Tippu Tip, mimea mikavu ya Yangambi na karatasi za mvua za INEAC vilidumu kwa kuwa vilikuwepo mahali zaidi ya pamoja. Majina ya wengi waliokufa mwaka 2000 hayakubahatika hivyo, na mahakama haikuweza kuyahesabu.

Anayeunda kompyuta nyumbani Kisangani leo, awe mwanafunzi wa historia, katibu wa parokia au karani wa chama cha wahanga, anaanza na maswali manne kwa mpango huu: ni kitu gani kisichoweza kuandikwa upya, umeme ukikatika kitapona vipi, ni waya upi unaolisha diski ipi, na nakala ya pili italala nyumba gani. Akiyajibu hayo kwenye karatasi kabla ya kwenda sokoni, hata vipuri vilivyotumika vitamtosha. Asipoyajibu, diski mpya yenye ukubwa wowote itakuwa chombo cha kupotezea mengi kwa mara moja. Pengo la watu 516 huenda lisizibwe kamwe. Orodha zinazoandikwa sasa bado zinaweza kulindwa, na gharama yake ni diski moja ya ziada na safari moja ya kuvuka mto.